Ngazi za Bukavu hazipimwi kwa macho

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukiita vijana waje kukuoshea ua, bei inatoka wakiwa bado getini. Wanatupa jicho huku, wanatupa jicho kule: "Mama, tupe forfe, bei moja kwa kazi yote, dola sitini." Sitini ya kitu gani, hakuna anayejua. Mwaka jana niliwapa, na mwisho wa kazi nikauliza mbona ukuta haujaguswa. "Mama, ukuta si ua." Nikanyamaza.

Mimi ni mshonaji. Sijawahi kukata kitambaa cha mtu kwa kumtazama tu, hata akiwa mteja wa miaka. Basi safari hii nimeupima ua wote kabla ya kuita mtu.

Metre ya cherehani ina sentimita 150. Ukiitumia uani mgongo utakataa kunyooka. Nilichukua kamba isiyovutika, nikaitia alama ya wino kila mita. Usipige mafundo, maana fundo linakula kamba. Mwanangu alishika ncha moja, akilalamika.

Sehemu tambarare hazina maneno. Baraza ni mita 7.5 kwa 2, yaani mita za mraba 15. Ua wenye mapave, yaani matofali ya kutandaza chini, ni 8 kwa 6, inakuja 48. Humo nilitoa duara la udongo la mparachichi, lenye upana wa mita 2, ambalo ni karibu mita 3 za mraba. Inabaki 45.

Kinachotusumbua mji huu ni mteremko. Sisi tuko mtaa wa Nguba, na kutoka getini hadi mlangoni ni kushuka tu. Kamba ya kupimia njia hiyo inalazwa chini ifuate saruji, haivutwi hewani, kwa sababu brosi haisugui hewa. Mita 12 kwa 3, ni 36.

Halafu ngazi. Ziko 22, kila moja ina upana wa mita 1.2. Ukisimama juu unaona pa kukanyaga peke yake, sentimita 30, na hesabu yake haifiki hata mita 8 za mraba. Lakini kila ngazi ina uso wa mbele wa sentimita 18, na mvua za kuanzia Septemba hadi Mei zinaacha utelezi wa kijani huko huko, kwenye kona ambayo jua halifiki. Ukiziweka nyuso hizo zote, ngazi zinapanda hadi 12.7. Hizo mita karibu tano za ziada ndizo zinazomfanya kijana aanze kununa akifika katikati, na sitamlaumu.

Ukuta wa mawe, ulio mpakani na jirani, haulingani kimo: upande mmoja 2.4, mwingine 1.2. Nilijumlisha vimo viwili, nikagawa kwa mbili, nikazidisha na urefu wa mita 9. Imekuja 16.2. Yote pamoja ni karibu 125.

Kilichonifaa kuliko hata bei ni maji. Nilichora mraba wa mita moja kwa moja kwenye mapave machafu kabisa, nikausugua na kuusuuza mwenyewe. Ulikunywa nusu ya bidoni, yaani dumu, ya lita 20. Kwa hiyo ua peke yake unataka lita 450, bidoni 23, na njia bidoni nyingine 18. Bomba likikauka siku ya kazi, kama lilivyozoea, mbeba maji anataka kulipwa, na hapo ndipo forfe inapovunjika na kelele zinaanza.

Vijana walipokuja mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekatika, niliwapa karatasi. Mkubwa wao aliisoma hadi chini.

"Mama, ngazi umezihesabu na mbele?"

"Na mbele, mwanangu."

Akacheka. Tukaacha habari ya forfe, tukaongea sehemu kwa sehemu: baraza rahisi, ngazi ghali. Tumeishia dola hamsini na tano, maji juu yangu, brosi juu yao. Nimepunguziwa tano tu, ila safari hii ukuta umo. Tumeandika pia kwamba ukuta unasuguliwa kwa mkono, bila mashine ya maji ya nguvu, kwa sababu saruji ya katikati ya mawe ni ya zamani na ingechimbuka. Na javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, isikutane na siki wala asidi ya choo, moshi wake unaziba pumzi.

Upande wa nje wa ukuta, unaotazama kwa jirani, bado haujaingia kwenye hesabu. Papa wa pale, yaani mwenye nyumba hiyo, anasema ukuta ni wangu, nioshe pande zote. Mimi nasema kivuli kinachoulowanisha ni cha miembe yake. Karatasi nimempelekea, mita anazikubali, dola ndizo bado.