Jibu la Vijana wa Buta

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Somo letu ni Wagalatia 2:11-14.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wapiganaji waliingia Seminari Ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waliuawa waseminari 40, Wahutu na Watutsi pamoja. Wamezikwa pale pale Buta, na waamini huwaita mashahidi wa udugu.

Asubuhi ile husimuliwa sana. Mimi navutwa zaidi na miaka iliyoitangulia. Nchi ilikuwa vitani tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993. Vijana walikwenda likizo kwenye misiba, kisha wakarudi kulala bweni moja na watoto wa "wale". Walezi wao hawakulifunika jambo hilo. Waliwaacha waseme machungu yao, wakacheza ngoma na mpira pamoja, wakasali pamoja. Amri ya kujitenga ilipokuja, ilikuta jibu limekwisha kuiva.

Petro, mtume mzima, alilikosa jibu hilo kule Antiokia. Alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Walipofika Wayahudi waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa Kanisa la Yerusalemu, akawaogopa, akajiondoa. Hakumtukana mtu. Alihama meza tu, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo akamkemea mbele ya wote.

Ubaguzi wetu waamini mara nyingi ni wa namna hiyo. Chumba cha kupanga "kimeshapata mtu" mara mwombaji anapotaja jina la ukoo wake. Mchumba anakataliwa kabla hajakaribishwa hata maji. Mhindi wa dukani tunanunua kwake miaka nenda miaka rudi, na jina lake hatulijui. (Sisemi utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, ule ni undugu, na msibani huonekana.) Wala tusingoje tamko la maaskofu. Chumba ni chako, binti ni wako.

Kabla ya Jumapili ijayo, nenda kwa jirani wa kabila au rangi inayosemwa vibaya nyumbani kwenu. Kaa, kula utakachopewa, uliza hali ya wazee wake. Na ndugu yako akianza tena maneno yale wakati wa chakula, mjibu pale pale, watoto wakisikia.