Saa zimepungua, makala zinakamilika: kumbukumbu ya mradi wangu wa Kusini

Kwa wanaofuatilia tangu mwanzo, mradi ni ule ule: kuandika makala za historia ya Mtwara na Lindi, moja moja, mpaka zitoshe kijitabu. Makala ya reli ya karanga, ile Waingereza waliyoijenga Kusini kwa ajili ya mpango wao wa kulima karanga, imekamilika. Ya bandari iko kwenye kuchujwa. Zote mbili zimekula muda mdogo kuliko makala moja ya mwaka jana ambayo hadi leo ina kichwa cha habari na aya mbili. Kwa hiyo kumbukumbu ya safari hii inahusu saa kuliko inavyohusu reli.

Mpangilio wa zamani

Nina duka la steshenari hapa Mtwara mjini. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu fomu. Kompyuta ni moja, ya biashara na ya makala. Faili la makala lilikuwa wazi kutwa: mteja akitoka naandika, mteja akiingia naacha, na usiku baada ya chakula naendelea mpaka macho yaanze kuwasha. Ungeniuliza, ningekwambia naandika siku nzima.

Sasa tazama siku nzima yenyewe. Mama mmoja anaingia na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, anataka kopi. Moja imetoka na mstari mweusi pembeni, inarudiwa. Analipa kwa noti kubwa, chenji sina, natoka hadi kwa muuza vocha. Nikirudi kitini, kwenye skrini imeandikwa "Serikali ya Uingereza ilitarajia", na sikumbuki hata kidogo ilitarajia nini. Nasoma aya kutoka juu ili nijikumbushe. Nikikaribia kukumbuka, anaingia kijana wa bodaboda na leseni yake.

Mtafiti anayeitwa Sophie Leroy alichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu hali hii hii. Mtu akiacha kazi haijaisha na kuhamia nyingine, sehemu ya akili yake inabaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili inafanyika chini ya kiwango. Kwangu inakwenda pande zote mbili, makala inaumia na mteja naye anaumia. Anayengoja kopi zake huku karani anawaza karanga za mwaka 1947 anajua ninachosema.

Mei: saa moja na nusu, basi

Faili la dukani nimelifunga. Dukani hakuna makala, usiku hakuna makala. Kuandika kumebaki kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, baada ya swala na chai ya rangi, hadi saa moja na nusu ninapoanza kujiandaa kwenda kufungua. Naandika kwa bik kwenye kaunta buku, mezani sebuleni. Simu inabaki chumbani. Ijumaa siandiki kabisa.

Kubana muda ilikuwa rahisi kuliko kuacha muda ukifika. Jumapili duka linafunguliwa kwa kuchelewa, nafsi inasema ongeza kidogo, sentensi zenyewe zinakuja. Siongezi. Naacha zikiwa bado zinakuja, naandika maneno matatu manne ya kunikumbusha zilikuwa zinaelekea wapi, nafunga daftari. Kesho yake sikai kutazama ukurasa mweupe, maana najua pa kushika.

Mke wangu alidhani mradi umekufa, kwa sababu usiku nilianza kuonekana barazani na watu.

"Baba watoto, historia imekwisha?"

Nikamwambia ndiyo kwanza inaanza. Hakuamini mpaka alipoona daftari.

Wapo watakaosema huu ni uvivu uliopewa jina zuri. Mwaka 2014 mchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford, John Pencavel, alichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambako wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Mpaka kwenye saa 49 hivi kwa wiki, kazi iliongezeka sambamba na saa. Zaidi ya hapo kila saa ya nyongeza ilileta kidogo kuliko iliyotangulia, na aliyefanya saa 70 hakumzidi sana aliyefanya saa 56. Yaani wiki ilikuwa na saa nyingi ambazo mtu alichoka tu, bila kitu cha kuonyesha. Na hao walikuwa wanatengeneza kitu cha kuhesabika. Kwenye makala hali ni mbaya zaidi, kwa sababu sentensi ya mtu aliyechoka haikosekani tu, inaandikwa halafu kesho inabidi ifutwe.

Juni: swali moja kwa makala moja

Muda ukiwa mfupi, jambo la pili linajileta lenyewe: huwezi tena kuandika kila kitu. Na Kusini yetu ina tabia hiyo, ukigusa jambo moja, mengine yanakushika shati. Reli ya karanga ilifika Nachingwea. Nachingwea ndiko FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikokuwa na kambi yao ya mafunzo, na Samora Machel alikuwa hapo. Ukishafika kwa FRELIMO uko Mto Ruvuma, Ruvuma inakukumbusha Livingstone aliyeanzia safari yake Mikindani mwaka 1866, na hapo karanga hazimo tena kwenye ukurasa.

Dawa yake niliipata Mikindani, bila kuitafuta. Nilikwenda kumwona mzee ambaye baba yake aliwahi kufanya kazi relini. Nilimkuta barazani, bao liko mbele yake, mwenzake ameshakaa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu. Wewe ndiye wa maswali?"

Nikafungua daftari. Akaona ukurasa umejaa kutoka juu hadi chini.

"Chagua moja. Hapa zamu ni yangu."

Nikachagua: reli ilipong'olewa, baba yako alipata wapi kazi? Mzee akaziacha kete. Tulikaa na swali hilo hilo mpaka adhuhuri, na mwenzake wa bao akaondoka amenuna. Jibu kwa ufupi lilikuwa bandarini, kwenye magunia ya korosho. Kwa urefu lilikuwa na nyumba zilizohamwa, ndugu waliokwenda Dar es Salaam wasirudi, na ugomvi wa shamba ambao siuweki hapa kwa sababu wenyewe wapo hai.

Tangu hapo kila makala ina swali moja, limeandikwa juu ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. La reli lilikuwa: kwa nini reli ilikamilika na karanga hazikuonekana? Chochote kisichojibu swali, hata kiwe kitamu namna gani, kinakwenda kurasa za nyuma za daftari. Livingstone yuko huko. FRELIMO wako huko. Boma la Wajerumani la Mikindani liko huko, na linanitazama vibaya kila nikipita.

Kwa wasioijua habari yenyewe: mpango wa karanga ulianza mwaka 1947, Uingereza ikiwa imetoka vitani na mafuta ya kula ni ya mgawo. Walilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, ambako maeneo yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta hayakutosha, wakachukua vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta na kuviita Shervick. Reli na bandari za kubebea mavuno zikaanza kujengwa wakati mashamba yenyewe bado ni pori. Mwanzoni mwa 1951 serikali ya Uingereza ikaachana na mpango huo na kufuta hasara ya pauni zaidi ya milioni 36. Reli ikaendelea na maisha yake bila mzigo iliojengewa, hadi ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara, iliyokamilika mwaka 1954, ndiyo iliyonusurika, na korosho ndizo zilizoipa kazi.

Aya hiyo hapo juu mwaka jana ilikuwa kurasa sita, na bado haikuwa imefika mwaka 1951.

Asubuhi ya sentensi moja

Niieleze asubuhi moja, kwa sababu ndiyo iliyonithibitishia mambo. Nilikuwa nataka sentensi ya kufungulia makala ya bandari. Ya kwanza ilikuwa: "Bandari ya Mtwara ilijengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili." Ni kweli, na ni kavu kama cheti. Nikajaribu kuanzia kwenye kina cha maji, ikawa ripoti. Nikajaribu kuanzia na meli, ikawa insha ya darasa la saba. Chai ikapoa. Nje mwanamke wa ming'oko, viazi pori vya kwetu, alikuwa ameshapita na beseni lake, ishara kwamba muda unakwisha.

Nikarudi kwenye swali jekundu juu ya ukurasa: nani alihitaji bandari hii? Karanga. Zilifika? Hazikufika. Basi sentensi ikajiandika: "Mtwara ilijengewa bandari kwa ajili ya karanga ambazo hazikufika." Nikafunga daftari hapo hapo. Asubuhi nzima, sentensi moja. Kwa hesabu ya mpangilio wa zamani hiyo ni siku iliyopotea, lakini aya zote za makala zimejipanga nyuma ya sentensi hiyo na sijaigusa tena. Wanaobangua korosho kwa mkono hawakimbizani na saa, kwa sababu korosho nzima ina bei yake na vipande vina bei yao.

Kuna kijitabia kingine kidogo ambacho kimeokoa muda kuliko vyote. Nikiwa naandika na sijui mwaka au idadi, naweka nyota pembeni na kuendelea. Sifungui intaneti. Zamani kutafuta mwaka mmoja kulinigharimu nusu saa na bando, kwa sababu ukiingia kutafuta mwaka wa reli unatoka ukiwa umetazama mpira. Sasa nyota zinakusanywa, na siku moja katikati ya wiki, mchana dukani kukiwa kumetulia, nazitafuta zote kwa mkupuo. Kutafuta tarehe kunaweza kukatizwa na mteja na kukaendelea. Kutunga hakuwezi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mpango wote: kazi isiyokatizika inapewa asubuhi, inayokatizika inabaki dukani.

Kuchuja pia nimekuhamishia mchana. Nachapa kilicho kwenye daftari, na huko kuchapa kwenyewe ni kuchuja, maana mkono unachoka kuandika upya sentensi isiyo na kazi.

Agosti: wasomaji, na misimu

Makala ya reli niliwatumia wanaonisoma mwishoni mwa Julai. Zile fupi fupi nilizokuwa natoa zamani zilikuwa zinaishia kwenye "asante kwa elimu" na kidole gumba. Hii imeniletea ujumbe wa sauti wa dakika nyingi kutoka kwa msomaji wa Masasi anayebishana nami kuhusu vituo vya reli, na namna anavyobishana inaonyesha kuwa ameisoma mpaka mwisho. Mwingine wa Lindi anauliza kwa nini sijaitaja Mkwaya, walikoshushia mizigo mwanzoni kabla bandari ya Mtwara haijawa tayari. Ana haki. Mkwaya imeingia kwenye makala ya bandari, kwa sababu inajibu swali.

Kisichokwenda vizuri ni misimu. Wakati wa maombi ya mikopo ya vyuo, wanafunzi wanagonga mlango wa duka kabla sijafika, na wengine wameshapajua nyumbani. Kwa kipindi hicho nilipunguza hadi dakika arobaini badala ya kuhamishia kazi usiku. Dakika arobaini za asubuhi bado zilitoa aya. Oktoba minada ya korosho ikianza, mji utajaa fedha na fomu, na nadhani nitafanya hivyo hivyo. Sitegemei kuandika zaidi ya makala moja mpaka Desemba, na safari hii sioni haya kusema hivyo mapema.

Makala hiyo moja ni ya Tendaguru, kilima cha huku Lindi. Wengi mnajua kwamba mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huko kati ya 1909 na 1913 iko Berlin, zaidi ya tani 200 zikiwa zimesafirishwa, na kwamba kiunzi kile kirefu kimesimamishwa jumba la makumbusho tangu 1937. Hayo yote nimeyapeleka kurasa za nyuma. Swali jekundu linasema: nani waliibeba mpaka Lindi? Walikuwa wapagazi, mwendo wa siku kama nne kwa miguu hadi pwani, na miongoni mwa wasimamizi wa uchimbaji alikuwepo Boheti bin Amrani, ambaye nataka kumfahamu vizuri kabla sijaandika mstari. Mwenye mzee huko Mipingo au Lindi mjini aliyesimuliwa habari za mizigo ile na babu zake, nijulisheni nije nimsalimie. Nitakuja na swali moja.