Nairobi flai, picha za simu na kilichofichwa mwishoni mwa tumbo

Kila anayeanza kushughulika na mbawakawa wa mbawa fupi huambiwa apige picha ya simu, aitume, asubiri jina. Ushauri huo unanichosha. Kwa picha utapata jenasi ukibahatika; spishi, sahau. Mchukue nairobi flai, ambaye ni mmoja wa mbawakawa hao, anayejulikana na kila aliyewahi kuamka na malengelenge shingoni: kichwa cheusi, kidari cha rangi ya chungwa, mbawa ngumu fupi za buluu inayong'aa, tumbo la chungwa lenye ncha nyeusi. Watu wakishasema "huyo ni Paederus", yaani jina la jenasi yake, hudhani wamemaliza. Huku Afrika Mashariki jina hilo la mtaani linabeba angalau spishi mbili: Paederus sabaeus, aliyeelezwa na mtaalamu wa mbawakawa Erichson mwaka 1840, na Paederus eximius. Familia yenyewe ya mbawakawa wa mbawa fupi, Staphylinidae, ina spishi zaidi ya 60,000 zenye majina, na wengi wamevaa sare moja.

Kukusanya si kazi ngumu. Usiku taa na shuka jeupe vinatosha, hasa mvua zikishakolea. Msituni nachekecha majani yaliyooza kwa chekeche ya matundu ya milimita 8 hivi, kisha unga unaobaki chini nautundika ndani ya mfuko wa chandarua siku mbili tatu mpaka wadudu washuke wenyewe kwenye kopo. Makopo ya kufukia ardhini ni ya bei ya maandazi tu. Tia maji ya chumvi na matone ya sabuni, weka kipande cha bati juu mvua isifurike. Ila ule mrija wa kufyonzea wadudu kwa mdomo usiutumie kamwe kwa Paederus. Mdudu huyu haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, iko kwenye damu yake, na inatoka akipondwa. Ngozi huanza kuwaka baada ya siku moja au mbili, wakati umeshasahau ulimshika nani, na ukijipangusa jicho kwa kidole hichohicho utaona cha moto.

Kuua, natumia ethili asetati, kwa sababu viungo vinabaki laini. Spiriti hukaza. Wawili watatu tu naweka kwenye ethanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya DNA.

Sasa vipimo. Wanaoandika "urefu milimita 9" bila maelezo wananikera. Tumbo la hawa hurefuka na kufupika kama darubini ya baharia: mdudu yuleyule akiwa ndani ya spiriti ni mrefu, akikauka kwenye kadi amenywea. Pima kutoka ukingo wa mbele wa kichwa hadi mwisho wa mbawa ngumu, basi. Halafu linganisha urefu wa mbawa hizo na urefu wa pronotamu, lile bamba la juu ya kidari. Zikiwa fupi kuliko bamba, geuza tumbo uangalie ukingo wa nyuma wa bamba la juu la pingili ya saba: wanaoruka wana uzi mweupe mwembamba pale, ambao wasioruka kwa kawaida hawana. Mbawakawa asiyeruka, aliyetoka kilele kimoja cha Usambara au Uluguru, ndiye wa kumtazama mara mbili, maana hawezi kuhamia mlima wa pili.

Jibu lenyewe la kwamba ni spishi gani liko kwenye kiungo cha uzazi cha dume. Dume wa Paederus utamjua kwa mkato mwembamba wa kina kwenye bamba la chini la pingili ya nane. Aliyekauka mloweke kwenye maji ya moto yenye tone la sabuni, dakika kumi na tano au zaidi, mpaka ncha ya tumbo ikubali kusogea. Kuna wanaoshauri uvute kikiwa kikavu kwa kibano kikali. Jaribu, utabaki na nusu ya kiungo kwenye kibano na nusu ndani. Ukishakitoa, kiweke kwenye potasiamu hidroksidi ya asilimia 10 juu ya maji ya moto, dakika chache tu, bila kuchemsha, kisha suuza kwa maji yenye tone la siki.

Hapo ndipo vitabu hukuachia mzigo: "kichorwe kwa chini na kwa ubavu." Kwenye gliserini kitu chenye urefu wa milimita moja hakikai ubavu. Unakisimamisha, kinalala, unakigeuza, kinazunguka, unapogusa kalamu, kimeshaondoka kwenye duara la lenzi. Dawa yake ni jeli ya kutakasa mikono, ile iliyojaa madukani wakati wa korona. Tandaza tone kwenye kisahani, liache mapovu yapande, chomeka kiungo kwa sindano katika mkao unaoutaka, kisha mwaga spiriti taratibu mpaka ifunike jeli. Kinakaa palepale, na mwanga haupindi. Geuza, chora tena. Usisahau mstari wa kipimo, milimita 0.1. Chora kwanza, picha baadaye, maana mkono ndio unaolazimisha jicho kuona vinyweleo. Baadaye kihifadhi kwenye kichupa cha gliserini kwenye pini ileile ya mdudu wake. Na gundi ya kadi iwe ya kuyeyuka kwa maji. Supagluu ni hukumu ya maisha.

Kabla ya kutamka "spishi mpya" linganisha na vielelezo asili, yaani wadudu walewale waliotumika kuelezea spishi mara ya kwanza. Vya Erichson viko Berlin, vya wataalamu wenzake Cameron viko London na Bernhauer viko Field Museum, Chicago, na vingi vya Kongo viko Tervuren, Ubelgiji. Andika barua ya adabu ukiambatanisha michoro yako. Mara nyingi utajibiwa kwa picha bila kutozwa kitu. Ikithibitika, chagua dume mmoja awe holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, mpe lebo nyekundu, mkabidhi makumbusho yenye kabati za kudumu, na nakili lebo ya mahali neno kwa neno. Chapisho likiwa la mtandaoni pekee, kanuni za kimataifa za majina ya wanyama za tangu 2012 zinataka lisajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina hayo, kwanza, na namba ya usajili ionekane ndani yake. Walioruka hatua hiyo majina yao hayahesabiki.

Glavu zivaliwe hata kwa sanduku la zamani. Pederini haiishi nguvu kwa kukauka.