Waya wa ethi kwenye msumeno: unarudi wapi hasa?

Kwenye karakana za samani za Ngong Road au Gikomba, si ajabu kukuta msumeno wa meza na pembeni yake kipande cha nondo kimegongwa ardhini, kimefungwa waya hadi kwenye mguu wa mashine. Ukiuliza, utaambiwa hiyo ndiyo ethi. Wengi hudhani stima iliyovuja ikionyeshwa njia ya udongoni itazama huko iishe. Haiishi. Stima hutafuta kurudi ilikotoka, kwenye transfoma, na kazi ya waya wa ethi ni kuirudisha kwa wingi na kwa haraka hadi fyuzi iungue kabla mtu hajashika chuma.

Piga hesabu. Stima yetu ni volti 240. Tuseme ile nondo pamoja na udongo wake ina ukinzani (yaani kiasi inavyozuia stima kupita) wa omu 20, na hapo tumeipendelea. 240 gawanya kwa 20 ni ampea 12. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, kwa hiyo haitaungua leo wala kesho. Mota itaendelea kuzunguka kama kawaida huku meza nzima ina stima, na ampea 0.05 tu zikipita kifuani zinaweza kuuvuruga moyo. Upande wa Embakasi hali ni mbaya zaidi: ule udongo mweusi ukikauka Januari na Februari hupasuka na kuachana na chuma, na ukinzani unapanda.

Ndiyo maana ethi ya msumeno lazima iwe waya wa tatu ndani ya kebo ileile, usafiri bila kukatika hadi kwenye bodi ya fyuzi. Na kwa kuwa hata ethi ya nyumba nzima mara nyingi hutegemea chuma kilichochomekwa karibu na mita, weka RCD, swichi inayojikata stima ikivuja, ya miliampea 30. Hii haingoji stima iwe nyingi. Inalinganisha kinachoenda kwa laivu (waya unaoleta stima) na kinachorudi kwa nyutro (waya unaoirudisha), na tofauti ikifika miliampea 30 inakata ndani ya sekunde 0.3, kosa likiwa kubwa inakata upesi zaidi. Kitufe chake cha kujaribu kibonyeze kabla ya kazi, ila ujue kinapima RCD yenyewe tu, hakipimi ethi.

Kabla ya kufungua plagi, soma kibati cha msumeno. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, mashine ina insulesheni maradufu, yaani kinga mbili kati ya stima na mkono wako: kebo yake ni ya nyaya mbili, na hakuna pa kufunga ethi. Usiitafutie. Misumeno mingi ya kushika mkononi iko hivi. Ya meza yenye mwili wa chuma ndiyo inayodai ethi.

Plagi yetu ya pini tatu ikiwa wazi mbele yako, pini ya ethi juu: kahawia (laivu) kulia kwenye fyuzi, buluu (nyutro) kushoto, kijani-na-njano juu. Nyaya za zamani ni nyekundu, nyeusi na kijani. Angalia hapa: mashine ya Marekani iliyoletwa mtumba hutumia nyeusi kama laivu na nyeupe kama nyutro, tena ni ya volti 120, kwa hiyo bila transfoma ya kushusha utaiunguza siku ya kwanza. Menya kila waya milimita 6 hadi 8, usokote nyuzi, usizipake risasi ya kuchomelea kwa sababu hiyo hulegea chini ya skrubu na kuanza kupata moto. Waya wa ethi uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kebo ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Kishikio cha kebo kibane ganda la nje, si nyaya za ndani. Kwa msumeno wa wati 1,400 (karibu ampea 6) hadi 2,200 (kama ampea 9), fyuzi ni ya 13. Karatasi ya sigara si fyuzi.

Kuna tabia moja inaniudhi kuliko zote: kusukuma tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya Ulaya ya pini mbili nene iingie. Ethi ya plagi hiyo iko kwenye vibati vya ubavuni, ambavyo soketi yetu haigusi kabisa. Fyuzi nayo haina. Ikate, funga plagi ya hapa.

Ekstensheni iwe ya nyaya tatu, milimita za mraba 1.5 hadi mita 25, na 2.5 ukizidi hapo. Ile nyembamba ya 0.75, ikivuta ampea 10 kwa mita 30, hupoteza karibu volti 19 njiani. Mota inakosa nguvu, inachemka, bledi inakwama katikati ya mbao na kuurusha msumeno nyuma. Kama kebo iko kwenye gurudumu, ifungue yote. Ikiwa imezungushwa haipumui, na huyeyuka.

Sasa pima. Plagi ikiwa nje ya soketi, weka multimita kati ya pini ya ethi na chuma kisichopakwa rangi kwenye msumeno: isizidi omu 1. Hiyo inathibitisha kebo. Soketi na bodi zinahitaji kipimo cha fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli), maana balbu kati ya laivu na ethi hudanganya. Balbu ya wati 60 ina ukinzani wa omu 960 hivi. Hata ethi mbovu ya omu 100 itaiwasha vizuri tu, na vyuma vingine vyote vilivyounganishwa na ethi hiyo vitapanda volti zaidi ya 20. Wala usiunganishe ethi na nyutro ndani ya soketi ili balbu iwake. Nyutro ikikatika, mwili wa msumeno unapokea volti 240 kamili.

Msumeno wa fezi tatu, volti 415, mwachie fundi huyo. Wewe hakikisha tu una swichi isiyojiwasha stima ikirudi, kwa sababu hapa Nairobi stima hupotea mkono ukiwa karibu na bledi.

Na RCD ikikata kila asubuhi ya Aprili kisha mchana ikatulia, usiiruke kwa waya. Unga wa mbao umefyonza unyevu ndani ya swichi, au vumbi la brashi za kaboni limejaa kwenye mota. Chomoa plagi, fungua, puliza kwa hewa kavu, angalia kama ganda la waya limechubuka pale linapoingia kwenye mwili, kisha unganisha laivu na nyutro pamoja, upime kati yake na ethi kwa mega (kipima insulesheni) ya volti 500. Ikisoma chini ya megaomu 1, msumeno haujakauka bado, au waya umeanza kugusa chuma.