Bakteria walivyoniangusha, na nilivyorudi kuwasoma upya

Jaribio la kwanza la mikrobiolojia ya tiba lilirudi na alama 31 kati ya 100. Sikuwa mvivu. Kwa wiki tatu nzima nilitembea na kadi 64 mfukoni: upande mmoja jina la bakteria, upande wa pili umbo lake, rangi yake, ugonjwa wake na dawa yake. Ukinichomolea kadi yoyote nilikuwa naimwaga yote bila kukohoa. Kumbe mtihani haukuwa na haja na kadi zangu. Ulinipa mgonjwa: kope zimeanguka, anaona vitu viwiliviwili, shingo na mikono imelegea. Eleza sumu inavyofanya kazi.

Nikaandika pepopunda. Jibu lilikuwa botulizimu.

Nilipozitoa kadi zangu nikaona kwa nini nilikosea. Zote mbili zilisema jambo moja: Clostridium, umbo la fimbo, Gramu chanya, anatengeneza spora, haishi penye oksijeni, ana sumu ya neva. Kwa kadi zile hata leo ningebahatisha.

Swali lile lilinikera mpaka nikarudi kulisoma kwa hasira, na hapo ndipo kozi ilipoanza kunifungukia. Sumu zote mbili huingia ndani ya neva na kukata protini zinazoiwezesha neva kumwaga kemikali zake za mawasiliano. Ipo aina moja ya sumu ya botulizimu, aina B, ambayo hukata protini ileile inayokatwa na sumu ya pepopunda, tena mahali palepale. Sasa inakuwaje mgonjwa mmoja akakamae kama ubao na mwenzake alegee kama kitambaa kilicholowa? Tofauti ni mahali. Sumu ya botulizimu hubaki pale neva inapokutana na msuli na kuzuia asetilikolini, kemikali inayoupelekea msuli amri, isimwagwe, kwa hiyo msuli haupati amri. Sumu ya pepopunda hupanda kwa ndani ya neva hadi kwenye uti wa mgongo, na huko huzinyamazisha seli ambazo kazi yake ni kutuliza misuli. Amri zinaendelea kuja ila hakuna tena wa kuzizuia. Taya hukaza, kisha mgongo, kisha mwili mzima.

Baada ya hapo kadi nikazifungia kwenye boksi, nikachukua daftari kubwa. Kila bakteria akapewa ukurasa wake, ila jina lake niliruhusiwa kuliandika chini kabisa, mwishoni. Juu anaanza mgonjwa: anaumwa nini? Halafu, ni kitu gani mwilini kimeharibika mpaka aumwe hivyo? Nani kakiharibu, kwa silaha gani? Alipita wapi kuingia? Ilinichukua muda mrefu zaidi, na kuna siku nilimaliza bakteria wawili tu tangu asubuhi hadi jioni. Wenzangu walikuwa tayari kwenye sura ya tisa.

Majina ya magonjwa kwa Kiswahili yalinisaidia, na wakati mwingine yalinipoteza. Dondakoo, kwa mfano, linakupeleka kooni moja kwa moja, na ni kweli utando wa kijivu unaoziba pumzi uko hapo. Lakini bakteria wenyewe hubaki kooni. Sumu yao ndiyo inayosafiri kwa damu na kwenda kuuharibu moyo. Na kuna kioja ambacho sikukisahau tena: jeni ya sumu hiyo si ya bakteria kwa asili, imeletwa na kirusi kinachomshambulia bakteria. Asiyekuwa na kirusi hicho hana sumu. Homa ya matumbo nayo ilinichezea vivyo hivyo. Nilisikia matumbo nikadhani kila kitu kitafutwe kwenye choo, kumbe katika wiki ya kwanza ya homa damu ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi ya kumtoa bakteria huyo.

Ukurasa ninaoupenda mpaka leo ni wa kipindupindu. Nilidhani bakteria wake wanauchana utumbo. Hawauchani. Wanakaa juu yake tu na kutoa sumu inayoziamuru seli za utumbo zimwage kloridi bila kukoma, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Lakini ule mlango ambao glukosi na sodiamu hupita kwa pamoja kuingia ndani ya seli haukuguswa, na ndiyo maana maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi yanamrudisha mtu aliyekuwa anakwenda. Nilipoelewa hivyo niliinuka kwenye kiti nikazunguka chumba. Kwenye kadi yangu ya zamani nilikuwa nimeandika neno moja tu: "maji."

Dawa nilizipita haraka, kwa sababu ukishajua bakteria amejengwaje, nusu ya jibu unayo. Mycoplasma hana ukuta wa seli. Penisilini, ambayo kazi yake ni kuvuruga ujenzi wa ukuta, itamfanya nini?

Maabara ndiyo iliyonitoa jasho. Mbinu ya Hans Christian Gram ni ya mwaka 1884 na kwa maelezo ni rahisi kama kupika chai: rangi ya zambarau, iodini, alkoholi, kisha rangi nyekundu. Wenye ukuta mnene hubaki na zambarau, ndio Gramu chanya, wengine hutoka waridi. Mara mbili mfululizo Staphylococcus wangu, ambao ukuta wao ni mnene, walitoka waridi. Nikalaumu rangi, nikalaumu hadubini. Mama aliyesimamia maabara, fundi wa miaka mingi, aliitazama slaidi yangu kidogo tu.

"Mwanangu, alkoholi umeiacha muda gani?"

"Kama dakika moja hivi, mama."

"Dakika! Hapo hata mimi ningetoka rangi."

Alinionyesha: slaidi inainamishwa, alkoholi inadondoshwa, na pale tu yanayotiririka yanapokuwa meupe unasuuza kwa maji. Ni sekunde chache. Hatua nyingine ukizidisha kidogo hazikudhuru, ila hiyo haikusamehe.

Mtihani wa vitendo ulikuwa wa siku mbili. Kila mmoja alipewa sahani yenye namba ya aga ya damu, yaani utelezi wenye damu wa kukuzia bakteria, ndani yake bakteria asiyejulikana. Wangu walikuwa zambarau, duara, wamekaa mafungumafungu. Nikachota koloni, nikaweka kwenye tone la hidrojeni peroksaidi, mapovu yakatoka. Zambarau, mafungu, mapovu: Staphylococcus. Nilikuwa nimeshaandika herufi nne za kwanza.

Ila makoloni hayakunikaa. Yalikuwa madogo kama ncha ya pini, na kila moja limezungukwa na duara pana lililo wazi, damu yote imevunjwa. Staphylococcus huwa wanono kuliko vile. Halafu mapovu yenyewe yalikuwa ya uvivu. Nikakumbuka kwamba chembe nyekundu za damu nazo zina katalesi, kimeng'enya kinachotoa mapovu hayo, na mimi nilikuwa nimechimba koloni pamoja na aga yake. Nilikuwa nimeipima damu! Nikarudia kwa kijiti cha mbao, nikigusa juu ya koloni tu, kwa mkono wa mtu anayemvua mtoto aliyelala viatu. Hakuna povu: basi si Staphylococcus, huenda ni Streptococcus, ambaye hana katalesi. Na mafungu je? Streptococcus akichukuliwa kutoka kwenye sahani mara nyingi minyororo yake hukatika. Huonekana vizuri akiwa amekua kwenye mchuzi wa maabara, yaani lishe ya majimaji. Nikafuta zile herufi, nikampanda bakteria kwenye sahani mpya, nikaweka juu diski ya bakitrasini, dawa ambayo Streptococcus pyogenes haiwezi, na kuiacha sahani kwenye joto usiku kucha.

Asubuhi diski ilikuwa imezungukwa na eneo tupu. Nikaandika Streptococcus pyogenes, na chini yake, ingawa swali halikuomba, nikaeleza koo linalouma na moyo ambao kinga yetu wenyewe inaweza kuushambulia wiki kadhaa baada ya koo kupona.

Kozi niliimaliza na alama 74. Mwenzangu mmoja aliyebaki na kadi alipata 81, nakiri, lakini yeye kichwa chake ni kabati. Daftari sasa liko kwa mdogo wangu wa kitivo, analalamika kuhusu mwandiko. Nimemwonya kwamba kurasa za riketsia, bakteria wanaoishi ndani ya seli za mwili, ni tatu tu, zote zina alama za kuuliza, na hapo atafute mwalimu mwingine.