Shilingi Tatu za Embe

Alasiri moja ya Desemba 1998, nikiwa likizo nyumbani Lindi, nilimsomea bibi yangu mzaa mama ushahidi uliotolewa mwaka 1811 katika kisiwa cha Tortola, huko Karibi. Alikuwa ameketi mkekani chini ya mwembe akibangua korosho, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda, nami nilikuwa nikifasiri sentensi moja baada ya nyingine.

Arthur Hodge, mwenye shamba, alishtakiwa kwa kumuua mtumwa wake Prosper.  Embe moja lilianguka kutoka mtini, Prosper akatakiwa alipe shilingi sita, naye akapata tatu tu. Kwa ajili ya zile tatu zilizopungua alichapwa kwa zaidi ya saa nzima, kisha akafungwa mtini na kuchapwa tena hadi sauti ya kulia ikamwishia. Akafa. Miongoni mwa walioyaeleza hayo mahakamani alikuwamo Perreen Georges, mwanamke mweusi aliyekuwa huru, na Hodge alinyongwa tarehe 8 Mei 1811.

Bibi aliweka jiwe chini.

“Na wenzake Prosper, waliokuwa wakimsikia analia? Wao walisema nini?”

Nikamweleza kwamba sheria za visiwa vile hazikumruhusu mtumwa kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, na kwamba Perreen alisikilizwa kwa kuwa hakuwa mali ya mtu. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo chuoni bila kushtuka. Kulitamka mbele ya bibi kulinitia uchungu ambao bado ninao, kwa sababu waliojua zaidi ndio waliozibwa midomo.

Kwetu asili haikuulizwa. Tuliambiwa tumetoka bara, na maneno yakaishia hapo. Siku ile bibi alisema, taratibu, huku akitazama maganda:

“Mjukuu wangu, bibi yangu aliletwa utumwani Kivinje kwa miguu kutoka Nyasa, akiwa mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsugua mgongo akioga. Makovu yalikuwa yamepandana, huwezi kuyahesabu. Hakuna kadhi wala Mjerumani aliyemuuliza.”

Nikamuuliza jina la huyo bibi yake. Akanitajia alilopewa Kivinje. Lile alilopewa na mama yake hakuwahi kuambiwa.

Kisha akafuta vidole kwa pindo la kanga, akaniambia nichukue kalamu. Niliandika nyuma ya karatasi zile zile za kesi ya Tortola, hadi adhana ya magharibi.