Nilivyotoa R-22 kwenye chumba baridi na kuweka R-407C

Chumba ni cha matunda, Dar es Salaam, nyuzi 4, gesi ya kupoza kilo 10 za R-22. Kompresa ilikuwa nzima, kwa hiyo sikuona haja ya kung'oa mtambo. Lakini Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, inazitaka nchi zinazoendelea zipunguze HCFC (kundi la gesi zinazoharibu ozoni, R-22 ikiwamo) kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuanzia 2030 kibaki kiasi kidogo tu cha matengenezo. Ukingoja R-22 iadimike dukani, utabadilisha siku matunda yanaoza.

Nilianza kwa kuandika presha, ampea na joto la bomba la kunyonya.

Kazi yenyewe ni mafuta. R-407C, gesi mbadala, haielewani na mafuta ya madini: mafuta hutoka kompresa, hulala kwenye evapureta (koili ya kupoza), hayarudi, na kompresa inasagika. Mafuta ya POE, ya kutengenezwa kiwandani, hukubali gesi zote mbili, ndiyo maana nilibadilisha mafuta R-22 ikiwa bado ndani. Namwaga, najaza POE kiasi kilekile, nawasha saa 24, namwaga tena. Ilihitaji mara tatu ndipo masalia ya mafuta ya madini yakashuka chini ya asilimia 5. Kopo la POE usilifungue mapema. Hufyonza unyevu upesi, na hewa yetu ya pwani unaijua.

Ndipo nikanyonya R-22 kwa mashine kwenda kwenye mtungi uliokaa juu ya mizani, bila kupita asilimia 80 ya ujazo. Mtungi uliojaa pomoni ukipata jua hupasuka.

Oringi zote, zile pete za mpira za kuziba, nilibadilisha. Za zamani zilikuwa zimevimba kwa R-22. Gesi ikibadilika husinyaa na kuvuja. Filta draya (kichujio cha kukausha unyevu) mpya, nitrojeni na povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta uvujaji, kisha vakyumu hadi maikroni 500 (kipimo cha vakyumu). Baada ya kufunga pampu, sindano ya geji ikipanda kisha ikatulia, kuna unyevu. Ikiendelea kupanda, kuna tundu.

R-407C ni mchanganyiko wa gesi tatu, lazima itoke mtungini ikiwa kimiminika, si mvuke, la sivyo uwiano unaharibika. Nilianza na kilo 8.5, nikaongeza kidogo kidogo hadi 9.3, nikirekebisha ekspansheni valvu (inayopima gesi inayoingia evapureta).

Haiharibu ozoni, ila hupasha dunia joto karibu sawa na R-22, na marekebisho ya Kigali ya 2016 ya itifaki hiyo yanaibana. Mtambo mpya kabisa nisingeuwekea.

Lebo ya gesi na mafuta nimebandika kwenye kompresa, fundi mwingine asije akaongezea R-22 juu yake.